Mwanga wa Magauni Meupe: Kumkumbuka Erskine Tolliver

Wasikilizaji wapendwa, kama mmefungua redio saa hizi mkitaka kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mcheshi, asiye na ugomvi na yeyote, geuzeni kituo. Hapa hamtalisikia hilo. Erskine Tolliver alikuwa na ugomvi na watu wengi, na karibu wote walistahili.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, kitandani kwake, Mtaa wa Sabini na Moja, hapa hapa Kusini mwa Chicago. Alikuwa na miaka themanini na mitano. Alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Alikuwa mpiga besi. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu wa posta kwa miaka ishirini na sita. Na alikuwa mtengeneza filamu. Filamu tano, wasikilizaji. Tano, bila kampuni, bila tajiri, bila kumpigia mtu magoti. Alipoanza, mtaani kwetu hakukuwa na mtu mweusi mwingine aliyeshika kamera yake mwenyewe na kuamua mwenyewe nini kionekane.

Lakini leo tutakaa zaidi na dada yake, Bi Verdell Meeks, mwenye miaka themanini na mmoja. Bi Verdell ndiye aliyezikata na kuziunga filamu zote tano, kipande kwa kipande. Na Bi Verdell, mwaka wa 1970, alisimama mbele ya Kanisa la Kibaptisti la Bonde la Eshkoli akatamka neno. Neno hilo lilimkaa kifuani miaka hamsini na mitatu. Jumamosi iliyopita, kwenye mazishi ya kaka yake, alikwenda kulirudisha. Hiyo ndiyo habari yetu.

Tuianze mwanzo.

Walitoka Mississippi mwaka wa 1946 kwa treni, wao wawili na mama yao, Bi Ruby Tolliver, na boksi la viatu lililojaa kuku wa kukaanga. Erskine alikuwa na miaka minane. Verdell minne. Baba alisema angewafuata, na hakuwafuata. Bi Ruby alipata kazi ya kufua nguo hospitalini, na Jumapili ya kwanza kabisa akawapeleka watoto Bonde la Eshkoli. Alipofikisha miaka kumi na moja, Erskine akatiwa kwenye kundi la wahudumu wa mlangoni.

Mnawajua wahudumu wetu. Weupe tupu, kuanzia gauni hadi glavu. Mkono wa kushoto nyuma ya kiuno. Hawasemi. Wanazungumza kwa mikono. Kiganja kikiinuliwa, hakuna anayetembea, hata kama nyumba yake inaungua. Vidole viwili, viti viwili viko wazi. Kidole begani, njoo upokee zamu.

"Mungu ana utani," Bi Verdell alituambia. "Mtoto mwenye mdomo kama ule, akampa kazi ya kunyamaza."

Alikua. Akaingia posta. Jioni akawa anachora vibao. Ule mkasi mwekundu juu ya kinyozi wa Cottage Grove ni mkono wake. Yule samaki mwenye kofia, pale wanapouza kambare, ni wake pia. Suti alizovaa jukwaani akipiga besi alijishonea. Na mwaka wa 1966, kwenye duka la rehani, akaiona kamera ya filamu, kuukuu, inayonguruma kama cherehani. Akaichukua. Mke wake wa wakati huo akamuuliza ya nini. "Ya kuonea," akasema. Mke hakukaa sana.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanza.

Januari ya 1969, boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ya jengo moja kwenye Mtaa wa Champlain ilikufa. Haikutengenezwa siku ya kwanza. Haikutengenezwa siku ya kumi. Siku kumi na tisa, wasikilizaji. Siku kumi na tisa za baridi ya ziwa hili, na watu wanachemsha maji kwenye masufuria ili wapate mvuke. Siku ya kumi na tisa, mtoto Renita Gaines, mwenye miezi kumi na minne, alikufa. Kifua kilijaa.

Mwenye jengo alikuwa Shemasi Orlander Stamps, mwenyekiti wa wadhamini wa Bonde la Eshkoli. Alikaa mstari wa mbele kwenye mazishi ya yule mtoto. Alileta shada la maua na paja la nguruwe la kuoka. Akasimama akasema ni mapenzi ya Mungu.

Erskine alikuwa mlangoni siku hiyo, amevaa glavu. Aliporudi nyumbani alimwambia dada yake: "Verdell, Mungu hana jengo Champlain. Stamps analo."

Kesho yake akaanza kuandika filamu.

Waigizaji wake walikuwa wahudumu wenzake wa mlangoni. Kumi na wawili. Wanawake tisa, wanaume watatu, na kiongozi wao Mama Odessa Fifer, mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yaliyoweza kukuketisha kutoka upande wa pili wa ukumbi. Verdell alikuwa miongoni mwa hao kumi na wawili. Alikuwa na miaka ishirini na saba, anashona mapazia kiwandani.

Mikanda ya kwanza ilipelekwa kusafishwa mjini, kwenye maabara moja ya wazungu. Ikarudi na kikaratasi: hakuna kitu humu. Erskine akaiwasha ukutani. Kweli, kuta zilionekana. Kitanda kilionekana. Nyuso zilikuwa mashimo, hata uso wa Bi Ruby, aliyekuwa amekaa kitandani.

Akapanda treni hadi kule. Akamwekea yule fundi mkanda mezani. "Unasema hakuna kitu? Huyu ni mama yangu."

"Filamu haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo," yule fundi akasema. Na alisema kwa upole, kama daktari.

Erskine hakumpiga. Bi Verdell anasema mpaka leo hajui kwa nini.

Wiki mbili hakugusa kamera. Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, walikuwa nyumbani kwa mama mzazi wa marehemu mtoto, wote bado wana sare zao. Yule mama amekaa dirishani. Mama Odessa akapita karibu yake kumpelekea chai. Jua la Februari likagonga lile gauni jeupe, likaruka, likatua usoni kwa mama wa mtoto. Kila mtu chumbani akauona uso ule kana kwamba ameletwa mtu mwingine.

"Mama Odessa," Erskine akasema. "Usisogee."

"Chai inapoa, mwanangu."

"Ipoe."

Ndivyo filamu ile ilivyopigwa, wasikilizaji. Yote. Mmoja akiigiza, kumi na mmoja wanasimama pembeni, nje ya picha, na magauni yao meupe na mashati yao meupe, wakimrushia mwanga usoni. Taa hakuwa nazo. Alikuwa na wahudumu. Na kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinazunguka, Erskine hakusema neno. Aliongoza kwa ishara zile zile za kanisani. Kidole begani, ingia. Kiganja juu, wote tuli. Hakuna mtengeneza filamu mwingine aliyefanya kazi hivyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyelelewa mlangoni kwa Eshkoli.

Ilichukua mwaka mzima na ushei. Filamu ikaitwa *Champlain Bila Moto*. Dakika sabini na moja.

Na sasa sikieni kichekesho. Shemasi Stamps aliwaona wahudumu wakipigwa picha kila Jumapili, na sare zao. Akajua anachokijua kila Mbaptisti wa mji huu: kila Mei kuna Sikukuu ya Wahudumu, na kila kundi hutaka lipambe sikukuu yake kuliko la kanisa jirani. Akadhani ni hiyo. Akadhani filamu ni ya kusifia magauni. Akatoa ukumbi wa chini wa kanisa yeye mwenyewe. Akamwambia mkewe avae kofia mpya. Akaalika wachungaji wa makanisa mawili.

Jumapili saa kumi alasiri, Mei 1970. Kambare na tambi kwenye sahani. Shemasi mstari wa mbele, leso imeingizwa kolani. Verdell nyuma, kwenye projekta.

Dakika tano za kwanza shemasi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Dakika ya sita likatokea jengo. Namba ya mlango ikajaa ukuta mzima.

"Hii nini?" akasema.

Ukutani mwanamke anagonga bomba la joto kwa kijiko.

"Nimeuliza, hii nini? Zimeni hiyo kitu. Dada Verdell! Zima!"

Verdell anasema mkono wake ulikwenda kwenye swichi. Hafichi. Mkono ulikwenda. Halafu akaona shemasi amesimama, anakuja kati ya viti, na Mama Odessa Fifer ametoka ukutani. Akamzibia njia. Akainua kiganja, na glavu yake nyeupe.

Shemasi akasimama. Wasikilizaji, alisimama! Miguu yake ilikuwa imezoea miaka arobaini. Kiganja kikiinuliwa hutembei.

"Odessa, toa mkono wako usoni kwangu."

"Watu wako kwenye maombi, shemasi."

"Maombi gani? Hiyo ni sinema!"

"Kaa uombe, basi."

Mtu akacheka. Mwingine akamwambia anyamaze. Mke wa shemasi alikuwa ameinamisha kofia mpya mpaka kwenye sahani. Filamu ikaenda mpaka mwisho, dakika zote sabini na moja, na mwenye jengo alizitazama zote, maana kila alipotaka kuinuka kulikuwa na glavu nyeupe mbele yake.

Jumapili iliyofuata wahudumu kumi na wawili waliitwa mbele ya kanisa. Mnaujua utaratibu. Unasimama chini ya madhabahu, unakiri kosa, unaomba radhi kwa sauti, unarudishiwa mkono wa ushirika. Usipoomba, unavua glavu na beji, unaviweka mezani, unarudi kukaa kama mgeni. Erskine hakuitwa. Yeye alikuwa amefutwa moja kwa moja.

Mama Odessa alikuwa wa kwanza. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka. Wa pili akaweka. Wa tatu. Mpaka wa kumi na moja. Kumi na moja walikataa.

Wa kumi na mbili alikuwa Verdell.

Tuseme jambo moja hapa, mtu asije akamhukumu bila kujua. Bi Ruby Tolliver, mama yao, alikuwa mpangaji. Nyumba yake ilikuwa ya Shemasi Stamps. Siku mbili kabla, shemasi alipita kumjulia hali. Akaweka kiganja juu ya bomba la joto. Akasema, "Dada Ruby, kumbe hapa kwako kuna joto zuri. Tuombe liendelee." Akavaa kofia akaondoka. Basi.

Verdell akasimama pale mbele. Akamtazama mama yake. Akasema: "Nimekosa mbele za Mungu na mbele yenu. Filamu ile ilikuwa kosa. Naomba radhi."

Akarudishiwa glavu zake. Bi Verdell anasema zilikuwa bado na joto la mkono wake.

Mama Odessa alipopita karibu naye mlangoni hakumtukana. Alimwambia tu, "Simama wima, binti. Umepewa mlango, usimame vizuri." Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Tusi lilitoka kwa kaka yake. Erskine alimsubiri kwenye ngazi za nyumba. "Umemwambia Stamps kwamba yule mtoto alikufa kwa makosa ya kamera yangu," akasema. Halafu akanyamaza. Alinyamaza miaka miwili. Nyumba zao zilikuwa zinatazamana.

Mwaka wa 1972 alibisha hodi. Ameshika mabati matatu ya filamu mpya. Bi Verdell anamwigiza vizuri sana, na ile sauti ya pua: "Nahitaji mtu wa kukata filamu. Mikono yako bado mizuri. Mdomo wako ndio mbovu."

"Ingia," akamwambia.

"Siingii kula. Naingia kazini."

Walifanya kazi pamoja tangu hapo mpaka mwisho. Filamu nne nyingine. Hata mara moja hakumwambia amemsamehe. Na yeye hakumwuliza.

Wakubwa wa sinema wakamsikia. Mwaka wa 1976 wakamwita Los Angeles. Alikaa siku tisa. Akarudi kwa basi, suti yake imejikunja, hasira imenyooka. Walitaka wanaume wenye bastola na wanawake wasio na nguo. "Wanataka niwapake watu wangu tope," akamwambia dada yake, "halafu niwaite nyota." Jumba moja la sanaa hapa mjini lilikataa *Champlain Bila Moto* mwaka wa 1974, likasema sauti yake si ya kitaalamu. Mwaka jana jumba hilo hilo lilimpigia simu, linataka kumfanyia hafla. Verdell ndiye aliyepokea. Erskine akasema kutoka kitandani, kwa sauti ya kusikika huko walikokuwa: "Mwambie amechelewa miaka hamsini, na mimi nimeshakula."

Kwa hiyo mliiona wapi, wasikilizaji? Mliiona kwa vinyozi. Mliiona kwenye magereji, kwenye shuka lililotandazwa ukutani. Ipo nakala moja tu. Iko kwenye friza la Bi Verdell, chini kabisa, kando ya shingo za bata mzinga, maana baridi ndiyo inayoihifadhi. Kila aliyeiona, aliiona kwa sababu kaka na dada hawa waliibeba mgongoni wakaja nayo.

Mwaka wa 1983 Mama Odessa alifariki. Mhudumu akifa, wenzake humsindikiza na sare nyeupe, na yeye huvikwa glavu. Bonde la Eshkoli lilitoa kanisa kwa mazishi yake, lakini sare na glavu lilizikataa. Hakuomba radhi, kwa hiyo si mhudumu. Alizikwa na gauni la kahawia. Na nani alikuwa mlangoni siku hiyo, ameshika zamu, weupe tupu? Verdell. Alifungua mlango jeneza likapita. Jioni ile alizirudisha glavu kanisani kwenye bahasha, bila barua. Hakuhudumu tena. Lakini lile neno lilibaki kwenye kitabu cha kumbukumbu za kanisa, ukurasa na tarehe: Dada Verdell Meeks amekiri kwamba filamu ilikuwa kosa.

Tukaja mwezi huu. Erskine amekwisha, mifupa na maneno tu. Akamwambia dada yake, "Nizikeni Eshkoli."

"Umechanganyikiwa? Pale?"

"Pale pale. Siwapi raha ya kutoniona. Na wewe una kitu ulikisahau kule mwaka wa sabini."

"Erskine, nina miaka themanini na mmoja."

"Basi vaa viatu vya chini."

Mchungaji wa sasa wa Bonde la Eshkoli ni Terrell Stamps, mjukuu wa Shemasi Orlander Stamps. Alikubali mazishi bila shida. Bi Verdell aliandika wasifu wa marehemu, akapeleka ofisini. Ulikuwa na jina la filamu. Ulikuwa na majina kumi na mawili ya wahudumu. Asubuhi ya Jumamosi akapewa karatasi iliyochapishwa. Jina la filamu halimo. Majina hayamo. Imeandikwa: alipenda sanaa, akalitumikia shirika la posta kwa uaminifu.

Akamwendea katibu. "Mengine yako wapi?"

"Nafasi haikutosha, mama."

Ukurasa wa nyuma kulikuwa na picha ya basi jipya la kanisa. Picha kubwa. Ya rangi.

Na nyote mnajua, kwetu wasifu hausomwi kwa sauti. Ratiba inasema: wasifu, usomwe kimya, kwa muziki laini. Watu mia tatu wakainamisha vichwa wakasoma kimya habari ya mtu ambaye hajawahi kuwepo. Kinanda kikalia. Bi Verdell akaikunja karatasi yake, akaikalia.

Kikafuata kipengele cha maneno ya marafiki, dakika mbili tafadhali. Ndugu wa damu hawasemi hapo. Akasimama. Alikuwa amevaa weupe, wasikilizaji. Gauni alilishona mwenyewe Alhamisi na Ijumaa. Akaenda mbele, polepole, na viatu vya chini.

"Naitwa Verdell Meeks," akasema. "Mwaka wa 1970 nilisimama hapa hapa, nikasema filamu ya kaka yangu ilikuwa kosa. Nikaomba radhi. Nilikuwa naogopa mama yangu atagandishwa kwa baridi. Leo mama yangu hayupo, na mimi siogopi baridi. Ile radhi nimekuja kuichukua. Irudisheni."

Kinanda kikaanza kulia chini chini. Mnaijua hila hiyo, ya kumwambia mtu ashuke.

Akageuka. "Wewe Percy. Nimekubadilisha nepi, mimi. Toa mikono hapo."

Kinanda kikanyamaza. Kanisa likacheka, halafu likaogopa kwamba limecheka.

Mchungaji akainuka. "Mama Verdell, tunakupenda. Lakini hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, mwanangu? Nionyeshe. Nimepatafuta miaka hamsini na mitatu."

"Babu yangu hawezi kujitetea, amelala."

"Na Renita Gaines amelala. Miezi kumi na minne. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na boila."

Ndipo kipaza sauti cha kanisa kilipokufa. Mtu alikizima, na tunajua ni nani, na hatutamtaja kwa sababu ana watoto. Waliokaa nyuma hawakusikia tena kitu. Lakini redio hii hurusha ibada za Eshkoli, na mazishi haya tuliyarusha pia, kwa kipaza sauti chetu wenyewe. Fundi wetu, Delphine, alikuwa na mkono kwenye mitambo. Hakuuondoa. Kwa hiyo nyie mliokuwa majikoni mlisikia mengi kuliko waliokuwa ndani.

Mlisikia akisoma. Filamu inaitwa *Champlain Bila Moto*, akasema. Dakika sabini na moja. Ilifanywa na Erskine Tolliver, na watu hawa: Odessa Fifer. Lurlean Banks. Hosea Pruitt. Mozelle Gatlin. Willa Dean Crume. Roosevelt Yancey. Ineta Sykes. Cleotha Barlow. Eugenia Tubbs. Alphonso Rucker. Zenobia Hightower. Halafu akasema jina la mwisho, Verdell Meeks. "Wa kumi na mbili," akasema. "Amechelewa. Lakini mwandikeni."

Akainua kiganja, kwa sababu mchungaji alikuwa anakuja. Mchungaji akasimama. Akasimama, wasikilizaji, kama babu yake. Bi Verdell akashuka akaenda kukaa.

Wahudumu wa siku hiyo walikuwa wanne. Mmoja, msichana, aliweka mkono wa kushoto nyuma ya kiuno na kumfuata mpaka kwenye kiti chake. Watatu hawakusogea. Tunasema watatu, kwa sababu msije mkadhani kanisa zima lilibadilika. Halikubadilika. Chakula cha baada ya maziko kililiwa, keki ya karameli ikaisha, na watu wengi walipita mbali na meza ya Bi Verdell.

Jumatatu kituo hiki kilipokea barua ya kanisa, yenye saini ya mchungaji na ya baraza la wadhamini. Inasema tumerusha hewani matusi dhidi ya marehemu Shemasi Stamps. Inasema tumevuruga ibada ya maziko. Inataka kipindi hiki kiombe radhi leo, kwa maneno waliyotuandikia wenyewe, aya tatu. Tusipofanya hivyo, ibada yao ya Jumapili, ambayo imesikika hapa miaka thelathini na mmoja, itahamia kituo kingine, na watangazaji wa biashara walio waumini wao watahama nayo. Meneja wetu ameisoma. Amenikabidhi, akasema, "Ni kipindi chako."

Basi, wasikilizaji wapendwa. Tunampa pole Bi Verdell Meeks, aliyempoteza kaka na mkubwa wake wa kazi. Tunawapa pole watoto na wajukuu wa wale wahudumu, ambao wengi wao walikuwa hawajui mpaka Jumamosi kwa nini bibi zao walihama kanisa. Tunawapa pole akina Gaines, maana hakuna aliyewapa pole ya kweli mwaka wa 1969. Tunampa pole hata Mchungaji Terrell Stamps. Babu hakumchagua. Picha ya basi aliichagua.

Na kila anayesikiliza, afikirie hili akiwa peke yake. Nani anakaa mstari wa mbele kanisani kwenu? Majengo yake yako mtaa gani? Na wapangaji wake wanaota moto wa nini wakati huu?

Erskine Tolliver ametuachia filamu tano. Bi Verdell yuko hai, anwani yake mnaijua, na atakayekuja na shuka safi na ukuta ataonyeshwa.

Aya zao tatu ziko hapa mezani. Nimezisoma mara mbili nikiwa peke yangu, na hapa hewani sitazisoma. Kilichosemwa Jumamosi kilikuwa kweli, tulikirusha kwa makusudi, na tungekirusha tena kesho. Kipindi hiki hakiombi radhi.